Fundi kasema tairi la 140 linaingia kwenye Boxer bila shida, na advansi nimeshampa. Kweli linaingia?

Chuma cha Segerea

Wakuu habari za jioni. Naomba msinicheke kwanza, nisomeni mpaka mwisho ndo mcheke.

Nina Boxer BM150 nyeusi, sio ya biashara, naiendea kazini tu Segerea mpaka Posta na kurudi, Jumapili mafuta yakiwepo naenda nayo Bagamoyo kula samaki narudi. Sasa wiki iliyopita nimesimama sheli hapa Tabata ikaingia piki moja sijui hata ilikuwa kampuni gani maana haikubaki na kitu cha kiwandani, nyuma limekaa tairi pana kama la gari ndogo, matigadi imekatwa, taa ya nyuma imejificha chini ya siti, usukani mfupi, vioo viko kwenye ncha za usukani vinaning'inia kwa chini. Nilisahau kabisa kama nimekuja kuweka mafuta, kijana wa pampu ndo akanishtua "bro sogea".

Basi kesho yake nikaenda mtaani Gerezani, nikapata fundi mmoja wa kuchomelea. Akaiangalia piki yangu kama dakika moja hivi amekaa kwenye ndoo, akasema hiyo tunaweka 140 inaingia bila shida, swingamu (ile mikono ya chuma inayoshika tairi la nyuma) tunaitanua, rimu hii hii inafaa, kazi siku mbili. Ufundi laki tatu na themanini, tairi natafuta mwenyewe. Nikamwachia elfu hamsini ya kuanzia ili asipokee kazi nyingine.

Nimefika nyumbani usiku usingizi hauji. Maswali yangu ni haya: tairi la sasa limeandikwa 3.00-17, kweli 140/70-17 inakaa kwenye rimu ile ile? Piki itapungua mbio? Cheni haitasugua? Na trafiki watanisumbua? Pia nataka bomba la moshi la kunguruma kidogo (kidogo tu nina mtoto mchanga nyumbani) na taa za LED mbili mbele. Shusheni nondo wakuu.

Kobe Mwendokasi

Boxer ni punda wa mizigo mzee, wewe unataka kumvalisha viatu vya farasi halafu umpeleke Bagamoyo 😂😂

Ndugu Mtazamaji

Naweka kambi hapa, na mimi nilikuwa na wazo hilo hilo kwenye TVS yangu.

Spana Kumi na Saba

Mdogo wangu, dakika moja amekaa kwenye ndoo hajashika hata tepu? Huyo ni fundi maiko, nisamehe kama ni ndugu yako.

Tuanze na namba zenyewe maana wengi wanazisoma kama namba ya simu. 140/70-17 maana yake upana milimita 140, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya huo upana yaani 98, na 17 ni inchi za rimu. La kwako 3.00-17 upana ni inchi 3, kama milimita 76 na kimo chake karibu kinalingana na upana. Kwa hiyo unatoka 76 unaenda 140, karibu mara mbili. Hapo hujabadilisha tairi, hapo umebadilisha piki.

Sasa rimu. Nenda kaiangalie pembeni imegongwa maandishi, kama ni ya spoku ya kawaida utakuta 1.85x17 au 1.60x17. Hiyo 1.85 ni upana wa ndani kwa inchi, pale ukingo wa tairi unapokaa. Tairi la 140/70 linataka rimu ya inchi 4, ukilazimisha sana 3.5. Ukilivalisha kwenye 1.85 litaingia ndiyo, fundi hajakudanganya kwenye kuingia, mpira ukipakwa sabuni unaingia popote. Lakini linabanwa chini linavimba juu kama andazi lililozidi hamira, katikati linachongoka, kwa hiyo barabarani unakanyaga mstari mwembamba wa katikati tu. Umenunua upana wa 140 unatumia labda upana ule ule wa zamani, tena ukilalia kona linayumba kwa sababu ubavu haujasimama. Niliwahi kuletewa moja hivyo, ukiitikisa siti kwa mkono piki inacheza kushoto kulia kama jeli na tairi limejaa upepo vizuri tu.

Piki zinazokuja na matairi mapana zimejengewa kuanzia kiwandani. Pulsar 180 inakuja na 120/80-17 nyuma, NS200 ina 130/70-17, Yamaha R15 zile za V3 zina 140/70-17, Duke 200 ina 150/60-17. Angalia rimu zao, swingamu zao, na injini zao. Wewe una nguvu za farasi kama 12.

Ushauri wangu kabla hujamwongeza huyo mtu hata mia: simamisha piki stendi kubwa, toa kava la cheni, chukua rula na kipande cha uzi. Pima kutoka katikati ya tairi mpaka ubavu wa ndani wa cheni. Halafu pima kutoka katikati mpaka ile fimbo ya breki upande wa pili. Halafu pima nafasi ya ndani ya swingamu pale mbele ya tairi panapobana. Namba tatu hizo niletee hapa ndo tuongee. Usipime kutoka ukingo wa tairi, pima kutoka katikati, maana tairi linakua pande zote mbili.

Mnyama wa Kimara

Msimtishe kijana. Mimi Boxer yangu ina 140 nyuma mwaka wa pili huu, rimu ya alumini niliitoa kwenye piki iliyokufa, swingamu imetanuliwa, hakuna kilichotokea. Kila nikisimama taa za Ubungo watu wanapiga picha. Mnaongea nadharia tu.

Spana Kumi na Saba

@Mnyama wa Kimara sikatai, inawezekana, na wewe umebadilisha rimu kitu ambacho huyu fundi wake hajasema. Nikuulize matatu tu. Umebadilisha beringi za nyuma mara ngapi? Unapanda mlima wa Kimara na abiria kwa gia ipi? Na swingamu walipoitanua waliifunga kwenye chuma kingine isijikunje au walichomelea hewani?

Mnyama wa Kimara

Beringi mara tatu. Abiria sipakii. Hilo la mwisho sijui nilikuwa naenda kula.

Kobe Mwendokasi

"Nilikuwa naenda kula" 😂😂😂 nakufa mimi

Bi Klachi

Naona wanaume mmejaa humu. Mimi naendesha kila siku Mbezi mpaka Mwenge kazini, mwaka wa nne sasa, kwa hiyo na mimi nina la kusema.

Kwanza kumsema kijana kwa sababu anataka piki ipendeze sio haki. Mbona mtu anaweka taa za disko kwenye bajaji hamsemi. Piki ni yake, anaiangalia asubuhi kabla ya kwenda kazini, acheni apendezewe.

Pili lakini, kaka Segerea, hilo la kukata matigadi fikiria mara mbili. Nilikata yangu, ilipendeza kweli kweli, wiki mbili hivi. Masika ikaingia. Nimefika ofisini nimevaa blauzi nyeupe, mpokezi ananiangalia, nikasema nini, akasema dada geuka. Mstari wa tope kutoka kiunoni mpaka kwenye kofia ngumu, umenyooka kama umepigwa rula. Na tairi pana ndo linachota maji mengi zaidi. Nikarudi kwa fundi kuitafuta ile matigadi akaniambia ameshaiuza.

Halafu hata mvua yenyewe, tairi pana kwenye maji sio zuri kama watu wanavyodhani. Jembamba linakata maji linagusa lami, pana linapanda juu ya maji kama tahadhari haipo, hasa la mtumba lililoisha mistari. Na hayo ya mtumba usiangalie kung'aa tu wanayapaka dawa, angalia namba nne za mwisho ubavuni, 3219 maana yake limetoka kiwandani wiki ya 32 mwaka 2019. Mpira unazeeka hata kama haujatembea.

Mtoni kwa Baiskeli

Wadau mimi sio mwandishi ila hili la fimbo ya breki alilotaja Spana limenifanya nifungue akaunti nikumbushie maana kuna mtu atalipita.

Nilikuwa na piki ya China 150 nikaiwekea 120. Upande wa cheni tukafanikiwa kwa kuchongesha busha (kile kibomba cha chuma cha kwenye ekseli), tairi likasogea kidogo kulia. Sasa kusogea kulia likawa linagusa ile fimbo ya chuma bapa inayotoka kwenye drumu ya breki inakwenda kushika kwenye swingamu. Fundi akasema hii haina kazi, kuna ile nyingine ya kuvutia breki inatosha, akaikata kwa grenda mbele ya macho yangu na mimi nimesimama naangalia nasema sawa.

Ile fimbo kazi yake ni kuzuia lile bamba la breki lisizunguke na tairi. Viatu vya breki viko kwenye bamba, vikibana drumu, drumu inataka kuondoka na bamba lote. Hakuna fimbo, hakuna wa kulishika. Nilitembea nayo siku tatu kwa sababu mjini unabana breki kidogo kidogo na nati ya ekseli ilikuwa imekazwa sana ikawa inasaidia. Siku ya nne Kilwa Road, bajaji ikakata mbele yangu nikakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu. Nikasikia KRAK, bamba likazunguka likaivuta ile fimbo ya kuvutia breki ikajiviringisha kwenye ekseli, tairi likafunga palepale. Nilikwenda chini kwa ubavu kama mita kumi nimelala na piki. Namshukuru Mungu nyuma hakukuwa na daladala. Bega mpaka leo likipigwa na baridi linanikumbusha, na mwenye bajaji wala hakusimama.

Kwa hiyo kama tairi linagusa fimbo, ama tairi dogo, ama fimbo ichongwe mpya yenye kona ipishe tairi kwa unene ule ule wa chuma. Kuikata hapana.

Chuma cha Segerea

Daah pole sana kaka Mtoni, nimesoma hiyo nikaenda nje usiku huu na tochi ya simu kuiangalia fimbo yangu kama bado ipo.

Shikamoo mzee Spana, nimepima. Wife ameshika tochi na mtoto mgongoni ananiuliza kama nimeanza ualimu wa hesabu. Rimu imegongwa 1.85x17 kama ulivyosema. Katikati mpaka cheni kwa ndani ni 62. Katikati mpaka fimbo ya breki 58. Swingamu pale panapobana ni 128. Zote milimita. Nimepima mara mbili, mara ya kwanza nilipata 65 kwa cheni kumbe rula ilikuwa imelala.

Spana Kumi na Saba

Marahaba mwanangu, na mpe pole mama watoto.

Sasa ona jinsi hesabu inavyoongea yenyewe. 140 nusu yake 70. Cheni iko 62, maana yake tairi limeingia ndani ya cheni milimita 8. Swingamu 128, tairi 140, halipiti hata kwa dua. Ndo maana anataka kuitanua. Kutanua maana yake akate, aongeze kipande, achomelee. Chuma kikipata moto wa kuchomelea kinavuta kikipoa, kisipofungwa kwenye kitu kigumu kinakunja, na ukikunja milimita mbili tu pale kwenye tundu la ekseli, tairi la nyuma linaangalia Mbagala wakati la mbele linaangalia Posta. Piki itakuwa inakuvuta upande mmoja wewe utasema upepo.

120 nusu yake 60. Cheni unabaki na 2, fimbo ya breki imeshaguswa, swingamu 4 kila upande. Tairi likiwa na mzigo ubavu unavimba, kwenye mbio linatanuka kidogo, cheni nayo inachezacheza. Mimi siachi chini ya 7 au 8 kila upande. Kwa hiyo 120 nayo mpaka uhamishe cheni nje kwa sproketi (lile duara la meno linaloshika cheni) yenye kibega kilichotokeza nje, mbele na nyuma kwa kipimo kile kile, la sivyo cheni inakwenda mshazari inakula meno.

100 nusu 50. Cheni 12, fimbo 8, swingamu 14. Hapo hakuna kukata kitu. Ila rimu yako ya 1.85 bado nyembamba, 100 inataka kuanzia 2.15, nzuri zaidi 2.50. Unatafuta rimu ya 2.15x17 yenye matundu 36 kama yako ni 36, hesabu spoku kwanza, anakufungia fundi wa spoku kwenye habu yako ile ile, kile kitovu cha gurudumu. Na kama hutaki kugusa rimu kabisa, 90/90-17 inakaa kwenye 1.85 kihalali, utaona tofauti kidogo kwa macho na hakuna atakayekupiga picha.

Kuhusu mbio: 3.00-17 kipenyo ni kama 584, 140/70 ni 628. Duara limekua asilimia 7 na nusu, ni sawa na umebadilisha gia zote ziwe nzito. Kama sproketi yako ya nyuma ni meno 42 ilibidi uweke 45 ili urudi ulipokuwa, na hapo bado hujalipia uzito wa tairi lenyewe, uzito ulioko kwenye ukingo wa gurudumu injini ndogo inausikia kuliko mzigo wa kwenye siti. 100/80-17 kipenyo chake 592, karibu sawa na lako, hubadilishi sproketi wala nini. Ukichukua 100/90 ni 612, utaisikia kwenye kilima.

Jambo dogo watu wanasahau, gurudumu likiwa kubwa hivyo stendi kubwa hainyanyui tena, tairi linabaki limegusa chini, siku ya kukaza cheni utamtafuta mtu wa kukuinulia.

Ndugu Mtazamaji

Mzee Spana swali, je nikinunua mguu mzima wa nyuma wa Pulsar, swingamu na rimu na sproketi yake nikafunga kwenye TVS? Nimeona upo mtumba Kariakoo.

Spana Kumi na Saba

Hiyo ndo njia ya kiume kuliko kutanua, maana swingamu, habu, breki na rimu vimezaliwa pamoja. Lakini angalia mambo mawili. Upana wa swingamu pale inapoingia kwenye fremu na unene wa ile boliti yake kubwa, utachongesha busha, nenda kwa mtu mwenye mashine ya kuchonga sio wa kusugua kwa tupa. La pili cheni. Piki zetu nyingi hizi ni cheni ya 428, kubwa kidogo zinatumia 520. Ile namba ya kwanza ni urefu wa pingili kwa sehemu za nane za inchi, yaani 4 ni nne ya nane, nusu inchi, na 5 ni tano ya nane. Huwezi kuweka sproketi ya 520 nyuma na ya 428 mbele, meno hayakutani kabisa, na kuna mtu aliwahi kuniletea hivyo analalamika cheni inaruka.

Ukishafunga panga magurudumu kwa kamba. Funga kamba nyuma ya tairi la nyuma, ilete mbele pande zote mbili ikiwa imekazwa iguse tairi la nyuma sehemu mbili kila upande, usukani unyooke. Kwenye tairi la mbele nafasi ya kushoto na kulia iwe sawa. Haiko sawa, rudi kwenye busha. Usitumie alama za kwenye swingamu, zile za kukaza cheni, kwenye piki iliyochokorwa hazisemi ukweli.

Waya Mwekundu

Nimechelewa, nilikuwa kazini. Mimi ni wa umeme na hayo mengine sijui, ila jamaa kaulizia LED na bomba hakuna aliyemjibu.

LED mbili za wati 30 ni wati 60, kwenye volti 12 ni ampia 5. Taa ya mbele ya piki ndogo ya kawaida ni wati 35 na koili ya kuchaji imepigiwa hesabu ya hapo hapo. Ukiwasha zote foleni ya Buguruni injini iko chini, betri inatoa kuliko inavyoingiza, baada ya mwezi selfu haipigi unaanza kupiga kiki. Chukua ndogo za wati 10 kila moja inatosha sana, na usichukue umeme kwenye waya wa taa ya kawaida, weka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na fyuzi yake kutoka kwenye betri. Wale wanaosokota waya na nailoni ndo piki zao zinaungua siti. Na zielekeze chini jamani, usiku barabara ya Mandela mtu anakuja na jua usoni kwako.

Bomba: ukiweka la wazi kabureta inakuwa inapata hewa nyingi mafuta kidogo, inapiga risasi ukiachia mafuta, kichwa cha injini kinapata moto, plagi inakuwa nyeupe. Mpaka ubadilishe jeti, kile kitundu cha kupitisha mafuta kwenye kabureta. Na mtoto mchanga umesema mwenyewe.

Bi Klachi

Mtoto mchanga na bomba la wazi saa kumi na mbili asubuhi, mke atakuhamishia kwenye piki ulale nayo.

Mtoni kwa Baiskeli

Na trafiki kaka hawana shida na upana, shida yao huwa ni namba. Ukikata matigadi ya nyuma namba inakaa chini ya siti imelala inaangalia mbinguni, haisomeki, hapo umejitafutia. Vioo na indiketa ziwepo. Na soma masharti ya bima yako kabla hujachomelea chochote, siku ya ajali ndo wanafungua macho.

Chuma cha Segerea

Wakuu narudi na mrejesho, samahani siku nne sikuonekana.

Nimeamua 100/80-17. Rimu ya 2.15 nimeipata Kariakoo ya matundu 36, nimepigwa kidogo kwenye bei ila ipo. Tairi jipya sio mtumba, namba nne nimezisoma mbele ya muuzaji akashangaa nimezijulia wapi. Kuna mzee mmoja Ilala kazi yake ni spoku tu, amekaa kwenye kigoda, anazungusha rimu ameishikia kipande cha chaki, chaki ikigusa anakaza spoku moja nusu mzunguko, anazungusha tena. Saa nzima haongei. Mwisho ikazunguka chaki haigusi popote. Akanibadilishia na mpira wa ndani, akasema ule wa 3.00 ukivutwa kwenye tairi la 100 unakuwa mwembamba kama puto na pancha haitaisha.

Cheni imebaki na nafasi ya kidole, fimbo ya breki ipo (naiangalia kila asubuhi sasa hivi ni ugonjwa), piki haijachoka, ila kwenye kona inabidi uisukume kidogo sio kama zamani. Usukani mfupi nimeweka, vioo vya chini nimeweka nimevitoa, nilikuwa naona magoti yangu tu. Matigadi sijakata, asante dada Bi Klachi.

Nilirudi Gerezani kudai elfu hamsini yangu. Fundi yuko pale pale kwenye ndoo. Nikamweleza kwa upole, 62, 58, 128, kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema hesabu hizo ni za vitabuni lakini sawa. Hela akasema imeshaliwa.

Kobe Mwendokasi

Na ukaondoka hivi hivi??

Chuma cha Segerea

Hapana, amesema nimletee piki Jumamosi anikatie bomba la moshi bure.